Barzilai, mzee aliyempisha Kimhamu

Neno la Jumapili. Masomo: 2 Samweli 17:27-29; 2 Samweli 19:31-40; Yohana 13:1-15



Wahubiri wengi wakitaka kuwatia moyo wazee humchukua Kalebu, yule wa miaka 85 aliyemwomba Yoshua ampe mlima akapigane. Ni habari nzuri na wazee wetu huipigia makofi. Lakini wapo hapa kwetu ambao magoti hayapandi tena hata ngazi za ghorofa ya kwanza. Leo tuna mzee mwingine, asiyehubiriwa sana: Barzilai Mgileadi, mwenye miaka 80.

Tuone anavyoingia katika habari. Mfalme Daudi amefukuzwa na mwanawe mwenyewe, Absalomu. Ametoka Yerusalemu kwa miguu, bila viatu, analia, kisha akavuka Yordani usiku pamoja na watu wake. Huyo ni mkimbizi, hata kama bado anaitwa mfalme. Alipofika Mahanaimu, Barzilai na wenzake wawili wakamletea vitanda, mabakuli, vyombo vya udongo, ngano, shayiri, maharagwe, dengu, asali, siagi na kondoo. Itazameni orodha hiyo: kinachotangulia ni vitanda. Sisi tulioingia Johannesburg na begi moja, tukalala sakafuni katika chumba cha uani hapa La Rochelle au Rosettenville kwa mtu tuliyepewa namba yake tu, tunaelewa kwa nini vitanda vimetajwa kwanza.

Wala haikuwa sadaka ya salama. Siku ile hakuna aliyejua kama Daudi angeshinda. Absalomu angeshinda, nyumba ya Barzilai ingelipa. Mzee wa miaka 80 angeweza kabisa kusema, "Mimi niacheni nife kwa amani, mambo haya ni ya vijana." Hakusema.

Vita vikaisha, Daudi akashinda, akataka kumlipa. Akamwalika Yerusalemu, ale mezani pa mfalme siku zake zote. Hapa ndipo Barzilai anapotufundisha jambo gumu kuliko kutoa vitanda. Alikataa, tena bila majivuno. Alisema ulimi wake hauonji tena tofauti ya vyakula, masikio yake hayafaidi tena waimbaji, kwa nini awe mzigo kwa mfalme? Angevuka mto pamoja naye kidogo tu, kisha arudi mjini kwake. Na ile heshima aliyopewa yeye akaomba apewe Kimhamu, kijana ambaye inaonekana alikuwa mwanawe.

Wazee wa kwetu husema penye wazee haliharibiki neno. Ni kweli. Lakini methali hiyo yaweza kutumika vibaya, mtu akaishikilia kama hati ya kiti cha mbele. Kuna huduma kanisani ambazo mtu mmoja amezishika tangu siku za kwanza, na kijana anayezijua vizuri amesimama mlangoni akisubiri. Barzilai hakungoja afe ndipo Kimhamu apate nafasi. Alimtaja kwa jina mbele ya mfalme, yeye mwenyewe akiwa bado amesimama kwa miguu yake.

Mfano wa karibu tunao, na tunaupita kila siku tukienda Rosettenville. Hapo jirani palikuwa na nyumba ya watawa wa Kianglikana na shule ya St Peter's, ambako Oliver Tambo alisoma na kufundisha. Mmoja wa watawa hao alikuwa Trevor Huddleston, Mwingereza aliyezaliwa mwaka 1913, aliyekuja kuhudumu Sophiatown mwaka 1943. Desmond Tutu alisimulia mara nyingi jinsi alivyokuwa mtoto akasimama na mama yake, mfanyakazi wa ndani, na padri huyo mzungu akapita akamvulia mama kofia. Siku zile mzungu hakumvulia kofia mwanamke mweusi anayefua na kupika. Baadaye Tutu alipolazwa kwa kifua kikuu, padri huyo huyo alikuwa akimtembelea hospitalini.

Hayo yanajulikana na wengi. Ambayo watu wa Johannesburg hawayataji sana ni kwamba mwaka 1960 Huddleston aliwekwa kuwa askofu wa Masasi, kusini mwa Tanganyika, kati ya watu wa Kiswahili. Alikaa miaka minane. Mwaka 1968 akaondoka ili kiti kile akikalie Mwafrika, ilhali yeye alikuwa na miaka 55 tu na nguvu bado anazo. Alienda kuhudumu mashariki mwa London, kisha Mauritius. Alipostaafu uaskofu mwaka 1983, akiwa na miaka 70, aliendelea kuongoza harakati za kupinga ubaguzi wa rangi kutoka London mpaka uchaguzi wa 1994 ulipofanyika. Alifariki mwaka 1998, na majivu yake yakaletwa Sophiatown. Kwa hiyo mtu aweza kuachia kiti asiache kazi.

Sasa turudi kwenye neno moja la Barzilai linalotuuma. Alitaka arudi afie mjini kwake, karibu na kaburi la baba yake na mama yake. Wazee wetu wengi hawana njia hiyo. Goma ilitekwa Januari 2025, Bukavu Februari, na wapo waliokuwa wameanza kufunga mizigo ambao sasa wanakaa chumbani na simu, wakisubiri habari za makaburi hayo hayo. Tusiwaambie haraka kwamba kwetu ni mbinguni. Ni kweli kwamba kwetu ni mbinguni, lakini mzee akilia kwa ajili ya Bukavu, kwanza tukae naye.

Na tuwe waangalifu na neno "utumishi". Koko au bibi anayewafundisha wajukuu kusali na kusema Kiswahili, wakati shuleni wanajifunza Kiingereza na Kizulu, anafanya kazi ambayo mchungaji hawezi kuifanya. Tumshukuru Mungu. Lakini kumwachia mama wa miaka 72 watoto sita tangu alfajiri hadi usiku, hata wa majirani, kwa sababu "yeye yupo tu nyumbani", huko si kumpa huduma. Huko ni kumtwika. Aulizwe kwanza, na akisema amechoka, aaminiwe.

Upande wa pili ni wa wazee wenyewe, na hapa tunakuja kwa Petro. Yesu alipochukua beseni na kitambaa, wengine walinyoosha miguu. Petro akakataa kuoshwa. Ilionekana kama heshima. Yesu akamwambia kwamba asipomwosha hana sehemu naye. Baba aliyelisha ukoo mzima kwa miaka 40 huona aibu leo kushikwa mkono kwenda bafuni, huficha dawa zilizokwisha, husema "mimi mzima" huku miguu imevimba. Baba zetu na mama zetu, mlitupa vitanda. Kunyoosha mguu uoshwe nako ni unyenyekevu, na kwa mtu aliyezoea kutoa huenda ndio mgumu zaidi.

Kliniki ni jambo la pekee. Mwaka jana, 2025, wageni walizuiwa milangoni katika baadhi ya kliniki za jiji hili, na mzee asiyejua Kiingereza akisimama pale peke yake hana wa kumsemea. Kwa hiyo vijana wanaoweza kutafsiri waandikishe majina kwa mashemasi baada ya ibada, pamoja na siku wanazokuwa na nafasi. Wazee wenye tarehe za kliniki nao waziseme mapema, wasingoje hadi usiku wa kuamkia siku yenyewe. Na maji yakikatika tena mtaani, kila nyumba yenye kijana ichukue mzee mmoja wa karibu nayo: ndoo zake zijazwe kabla ya zetu.

Bwana atupe neema. Amina.