Mmea wa Kulevya Hauingii Katika Ibada

Bismillahi Rrahmani Rrahim. Sifa njema zote ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad, na jamaa zake na masahaba zake. Amma baad:

SUALI: Ndugu mmoja wa Morogoro Mjini atuuliza: kijana wake hutafuna mirungi usiku wa dhikri apate kukesha, na rafiki zake huvuta bangi wakisema yawatuliza nyoyo. Akikatazwa hujibu, "Huu ni mmea wa Mungu, nami nimo ibadani, serikali haina neno juu yangu." Je, ni kweli?

JAWABU: Si kweli, kwa sheria ya nchi wala kwa sharia ya dini.

Ama sheria ya nchi, ile ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya ya mwaka 2015, ya Tanzania Bara, imekataza bangi na mirungi pia, wala haikumtoa mwenye kusema, "Naabudu." Ibara ya 19 ya Katiba yatupa uhuru wa kuabudu, lakini uhuru huo haumvui mtu katika sheria. Wala asidanganyike na Kenya, ambako mirungi ni zao halali: akivuka nayo Horohoro, amekwisha kuwa mkosaji.

Atasema: Marekani mwaka 1994 iliwaruhusu wenyeji wake wa asili kutumia peyote katika ibada yao, na Marasta wa Kenya walikwenda Mahakama Kuu mwaka 2021 kuomba bangi katika yao. Hoja zao ni zao. Sisi, hata serikali ikituruhusu kesho, jawabu letu ni lile lile.

Kwani Mtume (s.a.w.) ametufundisha kuwa kila kileweshacho ni haramu, kiwe cha zabibu au cha jani. Imamu Zarkashi, katika wanavyuoni wa madhhabu yetu ya Shafi, alitunga kitabu kizima juu ya uharamu wa hashishi, nayo ndiyo bangi hii. Katika mirungi wanavyuoni wamekhitalifiana. Ibn Hajar al-Haytami hakukata uharamu wake, bali alinasihi iepukwe. Basi penye shaka, na penye kifungo juu yake, mwenye akili hakaribii.

Tena aya ya 43 ya Sura An-Nisaa yatuzuia kuikaribia sala nasi tumelewa, mpaka tujue tusemayo. Dhikri ni kumkumbuka Mola. Atamkumbukaje aliyejisahau mwenyewe? Na aliyekesha kwa jani, kisha Alfajiri ikampita usingizini, amekula hasara mara mbili.

Nawe baba, usimfukuze mwanao. Keti naye kabla hajaketi mbele ya hakimu.

Wallahu aalam.