Heshima kwa Wazazi na Siri Inayoumiza

Amri ya nne ya Mungu yaamuru kuwaheshimu baba na mama. Je, mkatekumeni ajuaye kwamba binti wa jirani atakeketwa, naye akawajulisha wakubwa, amekosa heshima?

Katika Wilaya ya Tarime, nchi ya Tanzania, wako Wakurya ambao tangu zamani huwakeketa wasichana, hasa mwezi wa Desemba, shule zifungwapo. Wazazi hao hawamchukii mtoto wao. Waogopa kwamba asipokatwa hataolewa. Lakini nia njema haizuii damu kumwagika. Wembe huo huleta maumivu makali, vidonda vyenye usaha, na taabu wakati wa kuzaa. Pengine huleta mauti. Faida kwa mwili haiko hata moja.

Wengine husema: Ibrahimu alitahiriwa. Ni kweli, lakini agano lile lilihusu wanaume tu, nao Mitume, walipokutana Yeruzalemu, hawakuwatwika mzigo huo wapagani walioongoka. Mwili wa msichana ni kazi ya Mungu, wala hauna kosa la kusahihishwa.

Basi heshima ni nini? Ni kumtii mzazi katika mema, si kumsaidia katika mabaya. Amzuiaye baba asimwumize mtoto, awaokoa wote wawili.

Dalili zaonekana. Kabla: karamu yatayarishwa kwa siri, ngariba amefika, binti ana hofu. Baadaye: atembea kwa shida, akawia chooni, haji shuleni, ajitenga na wenzake.

Aonaye hayo asitangaze sokoni, maana binti aweza kufichwa. Amwendee upesi mwalimu, padri, sista, muuguzi au polisi. Sheria ya Tanzania ya mwaka 1998 yatoa kifungo cha miaka 5 hadi 15. Katika Kongo desturi hii ni haba, lakini sheria ya tarehe 20 Julai 2006 yatoa miaka 2 hadi 5, na kifungo cha maisha mtu akifa. Huko Tarime, kituo cha Masanga huwapokea wasichana wanaokimbia, tena huwapatanisha na wazazi wao.

Naye aliyekwisha kukatwa hana dhambi. Asichekwe, apelekwe kwa muganga, afarijiwe.

Kaini alikataa kuwa mlinzi wa ndugu yake. Mtu aombaye batizo hawezi kujibu kama Kaini.