Kwa Kijana Aliyeombwa Jina Lake

Swali limetoka kwa kijana wa Matombo, na jina lake silitaji kwa kuwa ndilo hasa lililo sokoni. Ananunua karafuu na pilipili manga kwa wakulima wa milimani na kuteremsha Morogoro mjini. Amepata rafiki kutoka nje ya nchi, mtu mwenye mtaji mnene, anayemtaka akate leseni na TIN, afungue akaunti na achukue lipa namba, vyote kwa jina lake. Fedha ni ya mgeni, manunuzi ni ya mgeni, faida ni ya mgeni. Kijana atapokea posho kila mwezi. “Mzee, kuna ubaya gani? Simwibii mtu.”

Ubaya upo, mwanangu, na tangu Julai 2025 umeandikwa. Amri iliyotolewa chini ya Sheria ya Leseni za Biashara, Selemani Jafo akiwa Waziri wa Viwanda na Biashara, inataja shughuli 15 ambazo asiye raia haruhusiwi kuzifanya. Wengi walisikia habari ya maduka ya Kariakoo tu, maana kelele zilianzia huko. Orodha ni pana kuliko hapo: uwakala wa fedha za simu, ufundi wa simu, udalali wa nyumba, kuongoza watalii, uchimbaji mdogo. Na limo lako: kununua mazao shambani. Mgeni akipatikana na hatia, faini haipungui shilingi milioni 10 au kifungo kisichozidi miezi 6, na viza na kibali chake cha ukaazi hufutwa. Raia aliyemsaidia naye ana fungu lake: faini ya milioni 5 au kifungo kisichozidi miezi 3. Gawanya hiyo milioni 5 kwa posho uliyoahidiwa, uone utakaa miezi mingapi ukilipia urafiki.

Hata hivyo, amri hii isingekuwepo ningekwambia neno lile lile.

Fikiri jina lako litafanya nini ukiwa umekaa nyumbani. Fedha yote ya mgeni itapita katika TIN yako. Wewe ni mfanyabiashara mdogo wa makadirio. Yeye anaweza kuzungusha kwa msimu mmoja mauzo yanayovuka milioni 200, kiwango ambacho sheria inataka mtu asajiliwe VAT. Siku TRA watakapokuja na madai, hawatamuuliza aliyekuwa na mtaji. Watamuuliza aliye kwenye karatasi. Mgeni siku hiyo atakuwa amepanda ndege, au simu yake haipatikani.

Kuna vijana watakaopakia magunia na kuchambua karafuu ghalani. Kwa macho ya sheria mwajiri wao ni wewe. Amri mpya ya kima cha chini cha mshahara kwa sekta binafsi, iliyoanza kutumika 1 Januari 2026, imepandisha viwango kwa wastani wa asilimia 33.4. Mgeni akiwalipa chini ya hapo, deni ni lako. Michango ya NSSF, asilimia 20 ya mshahara, isipopelekwa, deni ni lako. Mmoja akiachishwa kazi kwa maneno ya njiani, ana siku 30 za kwenda kulalamika Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, na wito utaletwa kwenu Matombo. Utaingia mbele ya Tume uulizwe kwa nini ulimfukuza mtu ambaye hukumfukuza wewe. Hapo ndipo lile “simwibii mtu” linapoishia: umewakosesha haki watu wa kijijini kwako, kwa sahihi yako mwenyewe.

Sisi Waluguru shamba la ukoo halikodishwi na mtu mmoja. Wajomba hukaa, watu wa upande wa mama wakasikia, ndipo likaamuliwa. Je, hili la jina umemshirikisha mjomba? Nadhani hujamshirikisha, kwa sababu unajua atakachokujibu. Faini ikija, ni ng'ombe wa nani, ni miti ya nani itakayouzwa?

Sasa nisije nikaeleweka kwamba mgeni ndiye mwovu. Watanzania wengi wana vibanda Nairobi, Lusaka na Lubumbashi, na tusingependa watukanwe. Wakenya walilalamika amri hii ilipotoka, na mtu wa Afrika Mashariki anayo haki ya kuuliza ujirani wetu unaanzia wapi. Amri yenyewe imempa mwenye leseni halali nafasi ya kuendelea mpaka leseni iishe muda. Hayo serikali na ziyazungumze. Wewe usiwe mlango wa nyuma.

Tena, tusijisifu mno. Sheria imemzuia mgeni kununua mazao shambani. Dalali wa hapa hapa bado yuko. Ndiye anayemfuata mama wa Kinole mwenye mtoto mgonjwa, akanunua karafuu zingali mtini kwa bei ya njaa. Ndiye anayemtaka mkulima wa viazi wa Nyandira ajaze lumbesa, ilhali gunia halitakiwi kuzidi kilo 100. Huyo ni raia, ana kitambulisho cha NIDA, na hakuna amri ya wageni itakayomgusa. Ukibaki peke yako sokoni, usichukue nafasi ya mtu aliyeondolewa ukaanza kufanya yale yale tuliyomlalamikia. Nenda na mizani iliyopigwa muhuri na Wakala wa Vipimo, mpimie mkulima mbele ya macho yake.

Kwa rafiki yako, sema naye mapema, kabla hajatuma fedha. Akitaka mzigo, wewe nunua kwa wakulima kwa mtaji wako, hata kama ni magunia machache, umuuzie mjini kwa risiti. Na kama karatasi umeshazisaini, usingoje msimu uishe: nenda kwa Afisa Biashara wa halmashauri ueleze, nenda TRA, funga ile lipa namba, na vijana wa ghalani walipwe kwanza kabla hujamrudishia mtu shilingi.