Je, Mfano Mzuri Unaweza Kusema Uongo?

Ndugu msomaji, wenzangu katika kitabu hiki wanaandika juu ya ndoa, matanga na majina ya ukoo. Mimi ninaomba ruhusa nianze na kitu ambacho wengi watakiita mchezo wa watoto: motokari ndogo ya plastiki, yenye urefu wa santimetre 17, ambayo niliiunga kwa mikono yangu nikiwa na umri wa miaka 58. Usicheke haraka. Katika kazi ile nilikutana na swali linalogusa desturi zetu zote za kukumbuka watu. Mtu anayetengeneza mfano wa kitu, ana deni gani kwa ukweli? Akitengeneze jinsi kilivyokuwa, ao jinsi tunavyotaka kikumbukwe?

Kazi yenyewe

Marehemu baba alikuwa mwalimu hapa Lubumbashi. Mwaka 1974 alinunua Volkswagen iliyokwisha kutumika, ile ya mviringo ambayo Wafaransa wanaiita Coccinelle, ni kusema mdudu mdogo wa mgongo wa duara. Watu wa rika langu wanaijua vizuri. Injini yake iko nyuma, inapozwa na upepo bila maji, na mizigo inawekwa mbele. Baba alikuwa anasema kwamba motokari isiyoomba maji inafaa kwa njia zetu za vumbi. Ilitubeba shuleni, kanisani na hospitalini. Mwaka 1993, wakati mshahara wa mwalimu haukununua tena hata mfuko wa unga, aliiuzisha kipande kwa kipande: leo magurudumu, kesho injini, mwisho mabati. Kwa hiyo haiko mahali popote.

Baba alipofariki, tulitaka kuweka kitu mezani siku ya ukumbusho, karibu na picha yake. Mdogo wangu anayeishi Ubelgiji alituma boksi. Ndani yake mlikuwa Volkswagen ya kuunga, kwa kipimo cha 1 kwa 24. Motokari ya kweli ina urefu wa metre 4 na kidogo; gawanya kwa 24, utapata zile santimetre 17. Viwanda kama Revell na Tamiya ya Japani vimetengeneza maboksi ya namna hiyo. Vipande ni zaidi ya mia, vimeshikamana na vijiti vya plastiki. Unakata kila kimoja kwa wembe, unakisugua kwa msasa mpaka alama ya kukatwa ipotee, unajaribu kama kinaingia mahali pake, kisha njo unapaka gundi. Rangi inapakwa nyembamba, mara tatu ao ine, kwa sababu rangi nzito inaziba mistari ya milango. Usukani ni mdogo kuliko franga ya zamani. Kazi ilinichukua miezi miwili, kila jioni ambayo umeme ulikuwapo.

Wengine walisema ni mambo ya Wazungu. Hapana. Tulipokuwa watoto tulitengeneza motokari za waya, na magurudumu ya vifuniko vya makopo, na fimbo ndefu ya kuongoza. Hazikuwa na kiti wala injini, na hata vile kila mtoto alijua kama hii ni lori la mgodi ao ni taksi. Hakuna aliyesema kwamba ni uongo. Mfano hauonyeshi kila kitu, unachagua. Shida inaanza pale mtu anapochagua.

Pande mbili

Motokari ilipokwisha kuungwa, ilikuwa inang'aa kama imetoka kiwandani. Niliitazama na sikumwona baba. Basi, nilisaga chaki nyekundu nikapaka vumbi chini ya milango. Niliweka kutu kidogo kwa brashi karibu kukauka. Mama aliponiona alikasirika.

– Hii njo motokari ya baba yenu? Juu ya nini unaichafua? Baba yenu alikuwa anaipanguza kila asubuhi mbele ya kwenda kufundisha!

Mdogo wangu naye, kwa telefone, alisema kinyume:

– Yaya, usisahabu bati ya mbele, ku mukono wa kushoto. Ilikuwa yenye kujikunja. Bila ile, si yetu.

Kila mmoja wao ana sababu. Mama anasema kwamba kukumbuka ni kuheshimu, na mtu hazikwi na nguo chafu. Mdogo wangu anasema kwamba ukiondoa alama za maisha, unabaki na motokari ya mtu yeyote, ni kusema ya hakuna mtu.

Mimi ninaongeza jambo moja juu ya usafi. Motokari ile, hata ikiwa mpya kabisa, haikuwa safi. Ilichorwa na Ferdinand Porsche katika miaka ya 1930, wakati wa utawala wa Hitler. Raia Wajerumani zaidi ya 300.000 waliweka akiba kila juma wakiahidiwa motokari, lakini hakuna hata mmoja aliyeipata kwa akiba ile. Wakati wa vita kiwanda kilitumikisha watu kwa nguvu, wafungwa pamoja nao. Ni kisha vita, chini ya Waingereza waliosimamia kiwanda, njo motokari za raia zilianza kutoka kwa wingi, mpaka ya mwisho huko Mexiko mwaka 2003, na zilizidi milioni 21. Ukitazama mfano unaong'aa, yote hayo hayaonekani. Simwambii mtu asiupende, maana mimi mwenyewe ninaupenda. Ninasema tu kwamba kung'aa si ushuhuda.

Wazee wetu walifanya namna gani?

Swali hili si jipya kwetu. Kule Kasai, Wakuba walichonga sanamu za wafalme wao zinazoitwa ndop. Chache kati yao zilifika British Museum ya London mwaka 1909 kupitia Emil Torday. Ukizitazama utashangaa: nyuso zinafanana karibu zote, zimetulia, macho yamelegea. Mchongaji hakutafuta pua ya mfalme fulani. Kinachomtambulisha ni alama iliyowekwa mbele yake. Mfalme Shyaam, kwa mfano, ana ubao wa mchezo ule ambao sisi tunauita kisolo. Kufikia hapa, Mama ana haki: mfano unaonyesha heshima, hauonyeshi makunyanzi.

Lakini kuna jambo la pili. Ilisadikiwa kwamba mfalme akipata jeraha, jeraha lile linatokea hata kwenye ndop yake. Fikiri vizuri, ndugu msomaji. Watu wale walikubali uso usiofanana, lakini hawakukubali mfano usioumia wakati mwenyewe ameumia. Ninavyoelewa mimi, walitenga mambo mawili ambayo sisi tunayachanganya: sura unaweza kuipamba, jeraha huwezi kulificha.

Bati la kushoto

Sasa ni lazima niseme kwa nini ninaandika haya. Vumbi nililiweka kwa furaha. Kutu vilevile. Bati la kushoto nililiacha juma tatu. Nilimwambia mdogo wangu kwamba plastiki ni ngumu. Haikuwa kweli. Unaikwangua ndani kwa wembe mpaka iwe nyembamba, unapasha moto mgongo wa kijiko kwenye mshumaa, unabonyeza polepole. Ni kazi ya robo saa.

Ukweli ni huu: mimi njo nilikunja bati lile. Mwaka 1981, nikiwa na miaka 14, baba akiwa amelala kisha chakula cha mchana, niliiba ufunguo, nikagonga nguzo ya matofali ya mlango wa lupango. Kwetu aliishi kijana mmoja wa ukoo wa Mama, aliyekuwa anaosha motokari kila siku ya posho. Baba aliuliza mbele yetu wote: "Ni nani?" Nilinyamaza. Yule kijana alisema si yeye, hakuna aliyemsadiki. Juma moja lililofuata alirudishwa kijijini. Baba alikuwa amemwahidi kumwandikisha shuleni mwezi wa tisa.

Wazee wanasema: mwenye kovu usidhani kapoa. Kwa miaka mingi nilifikiri kovu ni la motokari.

Nilikunja bati. Jioni ile nilimpelekea Mama ule mfano, nikamwambia yote. Alinyamaza muda mrefu, akigusa bati kwa kidole. Nilingojea anikaripie ao anisamehe. Aliniuliza neno moja tu:

– Na yule mutoto wa wenyewe, ulisha mwambia?

Nilikuwa sijamwambia. Nilidhani kwamba kwa kuweka alama ile nimelipa deni. Niliomba namba yake kwa watu wa ukoo, nikamwita. Ni mzee sasa, kama mimi, anafanya biashara ya makaa. Alinisikiliza mpaka mwisho. Alisema: "Bati baba yako angeweza kutengeneza. Mimi nililia shule." Kisha aliniuliza habari za afya ya Mama, tukaagana. Hakusema amenisamehe, na mimi sikuthubutu kumwomba aseme.

Jibu langu

Basi, mfano mzuri unaweza kusema uongo? Ndiyo, na unaweza kusema uongo kwa njia mbili. Njia ya kwanza ni kusafisha kila kitu. Njia ya pili, na hii sikuifikiri mbele, ni kuonyesha jeraha kwa ufundi mkubwa mpaka watazamaji wasifu mikono ya fundi, na fundi ajisikie ametubu. Kutu ya rangi haiumizi mtu. Deni la mfano haliko kwa motokari wala kwa marehemu peke yake. Liko pia kwa yule ambaye hakuwekwa kwenye picha.

Katika matanga yetu tunasema mema ya marehemu, na desturi hiyo ni nzuri, sitaki ife. Lakini kabla ya kupamba picha, jamaa wakae wajiulize: nani alibeba kosa lisilo lake katika nyumba hii? Huyo aitwe, akae mezani pamoja na wengine.

Siku ya ukumbusho tulimwita. Nauli tuliilipa sisi. Hakuja, alituma salamu na gunia la makaa. Mwaka huu tutamwita tena, na safari hii nitakwenda mwenyewe kumwita. Motokari iko kabatini kwa Mama. Vumbi la chaki amelipanguza. Bati ameliacha vile lilivyo.