Wakfu Usiotamkwa

Mtu akifungua mlango wake kwa ajili ya biashara, na watu wakaingia miaka kwa miaka wakastarehe kwa kutazama yaliyomo pasipo kutozwa hata senti, kisha siku moja akaufunga kwa kuwa biashara imeharibika, je, amemnyang'anya mtu chochote? Swali hili ni jepesi kwa anayelijibu akiwa na kitabu cha sheria mkononi, kwani sheria itamwambia kuwa nyumba ni milki ya mwenyewe na mlango ni wake. Lakini kwa anayelichungua kwa insafu ni swali zito, nami nimelitafakari kwa sababu ya ukumbi mmoja wa mjini New York uliofungwa katika miaka ya 1960, ambao fahari yake yote ilikuwa magari ya moshi ya kuchezea.

Ukumbi huo ulikuwa wa kampuni ya Lionel, katika Mtaa wa 26 upande wa mashariki, karibu na Madison Square. Mwasisi wa kampuni, Joshua Lionel Cowen, aliyezaliwa mwaka 1877 kwa wazazi wa Kiyahudi waliohamia Marekani, alianza shughuli zake mwaka 1900. Na kitu chake cha kwanza cha kutembea juu ya reli, mwaka 1901, hakikukusudiwa kuuzwa kwa watoto hata kidogo. Kilikuwa kigari cha wazi chenye mota ya umeme, kilichozungushwa dirishani mwa duka ili kiyavute macho ya wapita njia, wasimame, waingie, wanunue bidhaa nyingine. Inasimuliwa kuwa wateja waliziacha zile bidhaa wakakitaka kigari chenyewe, na mwenye duka akarudi kwa Cowen kuagiza vingine. Kisa hiki nakipa uzito mkubwa. Mwuzaji alinuia jambo moja, watazamaji wakalipitisha jingine, na kampuni nzima, ambayo baada ya nusu karne ilikuwa miongoni mwa watengenezaji wakubwa wa vitu vya kuchezea duniani, ilisimama juu ya hukumu ya watazamaji.

Mwaka 1949 kampuni ilijenga katika ukumbi wake mji wa reli ambao hata leo wapenzi wa sanaa hii huutaja kwa taadhima. Reli zake zilikuwa za vyuma vitatu, viwili vya pembeni vya kubeba magurudumu na kimoja cha katikati cha kupitisha umeme, na upana kati ya vile vya pembeni ulikuwa kama inchi moja na robo. Treni kadhaa zilikwenda kwa wakati mmoja, zikipishana na kupita moja juu ya nyingine madarajani, na injini zikitoa moshi wa kweli uliotokana na kidonge kilichotiwa ndani ya dohani na kupashwa moto kwa umeme, hila iliyoanza kutumika mwaka 1946. Kando ya reli palikuwa na kibanda cha mlinzi wa njia: treni inapokaribia, mlango hufunguka, na mtu mdogo hutoka nje na taa yake mkononi, akasimama hapo mpaka behewa la mwisho lipite, ndipo akarudi ndani na mlango ukajifunga nyuma yake. Na lilikuwako behewa la maziwa, lililotolewa mwaka 1947, ambalo likibonyezewa kitufe mlango wake hufunguka, akatokea mtu mwenye mavazi meupe akisukuma mkebe wa maziwa nje, juu ya jukwaa, kisha mwingine, kisha mwingine. Mtoto aliyeliona behewa hilo mara moja hakuridhika. Alingoja kituko kirudie, na kiliporudia alishangaa upya.

Sasa na tuseme kweli: mji ule haukujengwa kwa hisani. Wanunuzi wa maduka makubwa waliletwa pale waone bidhaa za mwaka wakaandike maagizo yao, na watoto walikaribishwa ili warudi nyumbani na kuwashawishi baba zao. Yuko atakayesema kwamba hapa mjadala umekwisha, kwa kuwa amali hupimwa kwa nia, na nia ya tajiri ilikuwa faida. Nami nakubali kuwa thawabu ya mtu hufuata nia yake. Lakini kuna mafundisho mengine mashuhuri ya Mtume, kuwa mwenye kupanda mti, akala katika mti huo mtu au ndege au mnyama, huandikiwa sadaka kwa kile kilicholiwa. Na ni dhahiri kwamba mkulima hakumpandia ndege. Nayaelewa hivi: kuwa manufaa yaliyomfikia kiumbe ni manufaa hasa, yana hesabu yake, hata kama mwenye shamba hakuyakusudia wala hakuyajua. Basi yule mtoto ambaye baba yake hakuwa na uwezo wa kununua hata behewa moja, akasimama pale saa nzima na kutoka mikono mitupu, alipewa kitu, na nia ya mwuzaji haiwezi kukigeuza kiwe si kitu.

Ikiwa alipewa, je, alipata haki ya kudumu nacho? Hapa hekima ya wanavyuoni wetu juu ya wakfu hunifaa zaidi kuliko sheria za biashara. Katika madhehebu ya Shafi, yafuatwayo na Waislamu wengi wa pwani ya Afrika Mashariki, asili ni kuwa wakfu haufungiki ila kwa tamko: lazima mwenye mali aseme kwa lafudhi inayoeleweka kwamba ameitoa. Katika madhehebu ya Hanafi upo mlango mwingine, nao ni kuwa mtu akijenga msikiti, akautenga na milki yake, akawaruhusu watu wasali, nao wakasali, basi umekwisha kuwa wakfu, alitamka au hakutamka. Sithubutu kulinganisha msikiti na ukumbi wa michezo, wala sidai kuwa kadhi yeyote angewazuia wenye kampuni kufunga. Ninachokichukua ni usuli uliomo: kwamba wako watu wenye elimu nzito waliokiri kuwa kitendo cha kuruhusu, pamoja na kitendo cha watu kuitumia ruhusa hiyo, vyaweza kuibadili hali ya mali pasipo neno kusemwa.

Mambo ya Lionel yaliharibika upesi. Watoto wa miaka ya 1950 waligeukia televisheni na ndege, na reli zenyewe za Marekani zilikuwa zikipoteza abiria kwa magari na viwanja vya ndege. Mwaka 1959 Cowen aliuza hisa zake, mwaka 1965 akafariki, na kufikia 1969 haki ya kutengeneza treni kwa jina lake ilikuwa mikononi mwa General Mills, kampuni ya vyakula. Ukumbi ulikuwa umekwisha kufungwa, na mji wa reli haukuwapo tena.

Wako wanaojiliwaza kwa kusema kwamba hakuna kilichopotea, maana injini za zama hizo zimo kabatini mwa wakusanyaji, mlinzi wa njia bado hutoka kibandani akitiwa umeme, na mwenye fedha aweza kulipata behewa la maziwa pamoja na mikebe yake. Liwazo hili silikubali. Vile vilikuwa viungo. Kilichotazamwa na watu kilikuwa tartibu yao, jinsi treni hii ilivyongoja ile ipite, na jinsi mtu mzima na mtoto, tajiri na mpita njia, walivyosimama bega kwa bega mbele ya kitu ambacho hakuna kati yao aliyekimiliki. Immanuel Kant aliandika mwaka 1790 kwamba anayehukumu uzuri hukumu ya kweli huwa hana tamaa ya kukimiliki akitazamacho. Kwa mtoto naona amekaza kupita kiasi, kwani mtoto hutamani na kustaajabu kwa pumzi moja; lakini amepatia kwamba ule mshangao husalia hata tamaa ikikatishwa. Kabati la mkusanyaji huihifadhi tamaa vizuri sana. Ule mshangao wa pamoja hauna mahali kabatini.

Kwa hiyo nasema kwamba mwenye ukumbi hana deni la kuuweka wazi milele, hasa anapokuwa amefilisika, lakini ana deni la kuaga. Aliyewazoesha watu kuingia haifai awaachie waigundue kufuli siku waliyokuja na watoto wao; na awatangazie mapema, awafungulie siku za mwisho bila kuwauzia chochote, na kabla ya kukata nyaya aulize kama upo mji mwingine, au shule, au jumba la makumbusho, litakaloweza kuuchukua mji ule wa reli mzima mzima. Na waitwe pia mafundi waliozipigilia reli zile na kuzisafisha vumbi kila asubuhi, ambao majina yao hayakuandikwa popote ukumbini, waziendeshe treni wao wenyewe siku ile ya mwisho, kwa mwendo wanaoutaka.