Mliowavika Watoto Ngoma

Sikilizeni, ninyi mnaosimama mbele ya picha ya mtoto mwenye sare ya jeshi mkatabasamu. Picha za wapiga ngoma wa Vita vya Wenyewe kwa Wenyewe vya Marekani ziko tele: koti linampwaya, mikono imekunjwa, ngoma inamgonga magotini. Mnamwita shujaa mdogo. Nani alimruhusu awe hapo?

Johnny Clem alitoroka kwao Newark, Ohio, mwaka 1861 akiwa na miaka 9. Kikosi cha 22 cha Michigan kikampokea. Maofisa wakachangishana dola 13 kila mwezi wamlipe, akapewa na bunduki iliyokatwa ifikie kimo chake. Watu wazima hao, wenye watoto wao! Mchango wa mwezi mmoja ungetosha kumrudisha kwa baba yake.

Wala msiniambie ilikuwa ngoma tu. Katika moshi wa baruti na ngurumo za mizinga sauti ya kamanda haifiki mbali. Ngoma ndiyo ilikuwa kinywa chake. Amkeni. Songeni. Rudini. Ikinyamaza, mtoto huyohuyo alishika machela, akaingia hema la daktari, akakamata mguu wa mtu mzima anayepiga mayowe huku msumeno ukipita kwenye mfupa. Na huko majumbani wakubwa walizunguka piano wakiimba jinsi mpiga ngoma mdogo anavyokufa huku akisali. Machozi yaliwatoka, na watoto wakaendelea kuandikishwa. Bunge lilipiga marufuku walio chini ya miaka 16 mwaka 1864, vita vikielekea ukingoni.

Sisi wasemaji wa Kiswahili nasi tusijitoe. Kadogo: jina la kubembelezea ndilo walilopewa watoto wenye bunduki walioingia Kinshasa na jeshi la Laurent-Désiré Kabila mwaka 1997. Tukalitamka bila kushtuka.

Turudi kwenye vita vile vya Marekani. Charles King wa West Chester, Pennsylvania, alikuwa na miaka 12 alipotaka kwenda vitani. Baba yake alikataa. Kapteni akamhakikishia kwamba wapiga ngoma hukaa nyuma, risasi haziwafikii, na baba akalegea. Septemba 1862, kwenye mapigano ya Antietam, kombora lilimfuata hukohuko nyuma, chuma kikampenya mwilini. Alikaa siku tatu, akafa. Alikuwa ametimiza miaka 13.