Mkono Mtupu Haulambwi: Methali, Kura na Dhamiri ya Mkristo

"Mkono mtupu haulambwi" ni methali ya mkono na ulimi. Mbuzi huusogelea mkono wenye chumvi, na mbwa huufuata ulioshika nyama. Mkono usio na kitu hunuswa mara moja, kisha mnyama akaenda zake. Wengine husema "haurambwi", na maana ni ile ile: asiyetoa asitarajie kupewa.

Katika maisha ya kila siku methali hii haina ubaya. Kijana anayeposa hutanguliza barua na kishika uchumba, anayetaka kufunzwa ufundi hulipa ada, na anayekwenda kumtazama mgonjwa hubeba walau matunda. Funzo lake ni kwamba kila kupata kuna gharama, na mvivu asimlaumu aliyechuma. Hapo methali inakubaliana na mtume Paulo, aliyewaonya Wathesalonike kuwa asiyetaka kufanya kazi asile.

Utata huanza msimu wa kampeni. Mgombea anayegawa kanga, fulana, pilau au noti za usiku huitegemea methali hii, na mpiga kura anayengoja "chochote" huitegemea vilevile. Huyo wa pili huongeza nyingine: mla ni mla leo, mla jana kala nini? Miaka mitano ni mirefu, husema, bora kilichopo mkononi.

Tanzania iliwahi kulipa jambo hili jina la heshima. Marekebisho ya Sheria ya Uchaguzi ya mwaka 2000 yaliruhusu takrima, yaani ukarimu wa kijadi unaotolewa kwa nia njema, isihesabiwe kuwa rushwa. Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu na wenzake walikwenda mahakamani, na mwaka 2006 Mahakama Kuu ikatamka kwamba vifungu hivyo vinakwenda kinyume cha Katiba. Mgombea tajiri na mgombea maskini hawawezi kuwa sawa mbele ya wapiga kura ikiwa mmoja anaruhusiwa kuwakirimu kadiri ya mfuko wake. Mwaka 2010 ikafuata Sheria ya Gharama za Uchaguzi. Desturi, hata hivyo, haikufa kwa hukumu, kwa sababu mizizi yake iko katika namna watu wanavyoisoma methali.

Kosa la usomaji huo ni kugeuza maelezo kuwa amri. Zipo methali zinazoagiza, na zipo zinazoeleza tu tabia ilivyo. "Mkono mtupu haulambwi" ni ya kundi la pili: inasema ulimi hufanya nini, haisemi ulimi wapaswa kufanya nini. Tena inazungumza kwa upande wa mwenye mkono. Ikitazamwa kwa upande wa ulimi, picha inabadilika: anayelamba ni mnyama, naye huongozwa na harufu, hana habari na anakopelekwa. Raia anayeitumia methali hii kuitetea bahasha amejiweka mwenyewe mahali pa mbuzi. Imani ya Kikristo, inayofundisha kuwa mtu ameumbwa kwa mfano wa Mungu, haiwezi kumwacha hapo.

Maandiko yanalitazama suala hili kwa pande zote mbili. Kutoka 23 inakataza rushwa kwa sababu huwapofusha hata wenye macho na kuyapotosha maneno ya wenye haki. Katika sura ya 18 ya kitabu hicho, Yethro anamshauri Musa achague viongozi hodari, wamchao Mungu, wa kweli, na wanaochukia mapato ya dhuluma. Mali si sifa mojawapo. Kwa upande wa mpokeaji yupo Esau, aliyeuza haki ya mzaliwa wa kwanza kwa chakula cha dengu. Njaa yake ilikuwa ya kweli, lakini bakuli liliisha siku ile ile, na haki haikurudi.

Hapo ndipo lilipo swali gumu zaidi, la mpiga kura maskini. Kuna wanaofundisha ujanja wa kutenganisha kula na kura: pokea kanga, kisha chagua unavyotaka, maana kura ni siri. Hoja hiyo ina nguvu, kwa kuwa mwenye njaa hahukumiwi kirahisi na aliyeshiba. Hata hivyo ina nyufa mbili. Anayepokea kwa ahadi asiyokusudia kuitimiza amesema uongo. Pia kila anayepokea humhakikishia mgombea kuwa njia hiyo inafaa, na gharama iliyotumika leo itatafutwa kesho katika dawa za zahanati na madawati ya shule. Ahadi za mwanachama wa chama cha TANU ziliuona ukweli huu: aliapa kutopokea rushwa na pia kutoitoa.

Kanisa lenyewe halijaepuka ulimi huu. Harambee za Jumapili zimekuwa jukwaa la wanasiasa, na mara nyingi anayechangia paa hupewa kipaza sauti. Nchini Kenya, Septemba 2021, Askofu Mkuu Jackson Ole Sapit alipiga marufuku wanasiasa kuhutubia katika ibada za Kanisa la Anglikana. Novemba 2024, Askofu Mkuu Philip Anyolo wa Jimbo Kuu la Nairobi aliagiza irudishwe michango ya shilingi milioni 2.6 iliyotolewa na Rais William Ruto katika parokia ya Soweto. Hatua kama hizo hazimkatazi mwanasiasa kusali wala kutoa sadaka. Zinamrudisha kwenye benchi la waumini, anakotoa kama mjane wa Injili ya Luka, bila kupewa jukwaa.

Mkono mtupu wenyewe nao una heshima yake katika Maandiko. Samweli alipozeeka alisimama mbele ya Israeli akataka ashitakiwe ikiwa alimnyang'anya mtu ng'ombe au punda, au alipokea hongo. Watu wakakiri hakuna, na Mungu akawa shahidi kwamba mkononi mwake hawakuona kitu. Utupu huo ndio uliokuwa cheti chake cha uongozi. Petro naye, kwenye mlango wa hekalu, alimwambia kiwete kuwa hana fedha wala dhahabu, kisha akamshika mkono wa kuume akamwinua.

Kwa hiyo methali inabaki kweli inapohimiza kazi na ukarimu, nayo hupotoshwa inapofanywa bei ya kura. Mpiga kura mwenye imani anaweza kumpima kila mgombea kwa maswali mawili: mkono uliojaa, ulijazwa kutoka wapi, na mkono mtupu, umewahi kumwinua nani?